Utando na Maji ya Nyambene

Muthara iko Tigania Mashariki, Kaunti ya Meru, upande ambao miteremko ya Nyambene inashuka kuelekea nyanda kame za Isiolo. Juu kuna msitu na ukungu. Chini kuna vumbi, punda na foleni za mitungi ya lita 20. Katikati watu wamepanda miraa, kahawa, mahindi na maharagwe. Maji mengi ya sehemu hii huanza safari yake juu, kwa hiyo kinachomwagwa juu huishia kunywewa chini.

Kwa muda mrefu swali la maji hapa lilikuwa moja tu: yapo au hayapo? Baadaye likaja la pili: yana viini vya magonjwa? Jibu lake tunalo, nalo ni kuchemsha au kutia klorini. Swali la tatu limechelewa kuulizwa, nalo linahusu kemikali zilizoyeyuka: dawa za kunyunyizia mimea, mabaki ya dawa za hospitalini na uchafu wa viwandani. Hizi hazionekani wala hazichemki zikaisha. Chombo kimojawapo kinachotumika kuzikamata ni utando wa polima, yaani karatasi ya plastiki yenye matundu madogo kiasi kwamba huweza kupitisha maji na kuzuia molekuli nyingine. Historia ya chombo hicho yafaa kujulikana Muthara kabla muuzaji hajaja kukisifia.

Maji ya msituni

Baada ya uhuru, Bruda Giuseppe Argese wa Wamisionari wa Konsolata alishughulika na shida ya maji iliyokikabili kituo cha watoto walemavu huko Tuuru, Igembe. Wenyeji walimpa jina la Mukiri. Huko Mukululu, ndani ya msitu wa Nyambene, alitambua kwamba ukungu unaokumbana na majani hudondoka, hunywewa na udongo, kisha hutokea chini taratibu. Akachimba mahandaki ya kuyakusanya maji hayo, akajenga mabwawa, akayateremsha kwa mabomba. Mradi wa Maji wa Tuuru ulikua hadi kuhudumia zaidi ya watu laki mbili wa Igembe na Tigania.

Ubora wa maji hayo ulitokana na mambo mawili. Kwanza, yalichukuliwa juu ya mashamba, kabla hayajapita penye pampu ya dawa. Pili, yalichujwa na udongo wa msitu wenyewe. Mboji na udongo wa mfinyanzi hunasa kemikali nyingi za kaboni, na vijidudu vilivyomo huzimeng'enya polepole. Hakuna umeme unaolipiwa hapo, wala kichujio cha kubadilishwa. Gharama yake ni kutokata miti.

Lakini si kila mtu hupata maji ya bomba la msituni. Wengi huteka kwenye mito na chemchemi zilizo chini ya mashamba, na maji hayo yana historia nyingine.

Kahawa na dawa zake

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika wachache wa Meru, Embu na Kisii kupanda kahawa kwa majaribio, huku walowezi wakinung'unika kwamba mashamba ya Waafrika yangeeneza magonjwa. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wa kuendeleza kilimo cha Waafrika, ulipanua kilimo hicho, na vyama vya ushirika vikajenga viwanda vya kumenyea kahawa kandokando ya mito, kwa sababu kahawa ya kuoshwa haifanyiki bila maji.

Kila msimu viwanda hivyo vilitoa uchafu wa aina ya kwanza. Tunda humenywa, mbegu huachwa zichache ili ute wake ulegee, kisha huoshwa kwenye mifereji ya saruji. Maji yanayotoka ni ya rangi ya kahawia, machachu, yamejaa sukari na ute. Yakiingia mtoni, bakteria huyashambulia na kumaliza oksijeni, samaki wakafa na harufu ikasambaa. Hata hivyo uchafu huu una mwisho, kwani unaoza. Shimo la kutulizia maji na muda wa kutosha vinaweza kuupunguza sana. Kuuchuja kwa utando wa bei ghali ni kupoteza fedha, maana ute huziba utando huo kwa muda mfupi.

Uchafu wa aina ya pili ulikuja ndani ya makopo. Ugonjwa wa chulebuni ulitambuliwa nchini Kenya mwaka 1922, na kuvu wake huozesha tunda likiwa bado bichi. Wakulima walinyunyizia dawa za shaba, kisha zikaja dawa za kaboni zilizotengenezwa viwandani, mojawapo ikiwa captafol. Ilinyunyiziwa mara kadhaa kwa msimu, katika miezi ya mvua, wakati maji ya kuisomba kuelekea mtoni hayakosekani. Kenya iliipiga marufuku captafol mwaka 1989. Miaka michache kabla ya hapo, kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilikuwa kimetoa Ruiru 11, mbegu inayostahimili ugonjwa huo na kumpunguzia mkulima haja ya kunyunyizia.

Captafol haikuwa peke yake. Mwaka 1986 Kenya iliondoa DDT katika kilimo, ikapiga marufuku chlordane, heptachlor, endrin na nyingine kadhaa. Aldrin na dieldrin zilifuata mwaka 2004, na endosulfan mwaka 2011. Kemikali za kundi hili huoza kwa shida. DDT hukaa kwenye udongo miaka mingi, huingia kwenye mafuta ya samaki na ng'ombe, na kuonekana hata katika maziwa ya mama. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha aldrin na dieldrin katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 0.03 kwa lita. Gramu moja ya dieldrin, ikigawanywa sawasawa, yatosha kuzifikisha lita zaidi ya milioni 33 kwenye kikomo hicho.

Marufuku haikumaliza mjadala. Mwaka 2019 Gladys Shollei, mbunge wa Uasin Gishu, aliwasilisha bungeni ombi la kuondoa sokoni dawa zilizokwisha kukatazwa Ulaya na zilizokuwa zikiendelea kuuzwa Kenya. Kwa wakulima wa miraa suala hili liko karibu zaidi, kwani miraa hutafunwa mbichi na haipikwi.

Kibofu cha nguruwe

Wakati huo wote, utando ulikuwa ukikua mbali na hapa. Mwaka 1748, Jean-Antoine Nollet, shemasi na mwanafizikia wa Ufaransa, alijaza chupa kwa pombe kali, akaifunga mdomo kwa kibofu cha nguruwe, akaizamisha ndani ya maji. Baada ya saa kadhaa kibofu kilikuwa kimevimba kama puto. Alipokichoma kwa sindano, kioevu kiliruka juu. Maji yalikuwa yameingia kwa wingi kuliko pombe iliyotoka, na Nollet akaandika kwamba ngozi ile huyapitisha maji kwa urahisi kuliko pombe.

Zaidi ya miaka 100 ilipita kabla jambo hilo halijaanza kuleta faida. Mwaka 1861, Mskoti Thomas Graham alitumia karatasi maalumu kutenganisha vitu vinavyopenya na visivyopenya. Mwaka 1907, Heinrich Bechhold wa Frankfurt alitengeneza vichujio vya kolodioni, vinavyotokana na pamba iliyotiwa asidi, na kuonyesha jinsi ya kudhibiti ukubwa wa matundu yake. Vita vya Pili vya Dunia vilipoharibu mifumo ya maji ya miji ya Ujerumani, wataalamu walitumia vichujio vya namna hiyo kunasa bakteria na kuwahesabu, ili kujua kama maji yanafaa kunywewa. Katika kazi ya maji ya mjini, basi, utando ulianza kama chombo cha kupimia.

Wakati huohuo Willem Kolff, daktari wa Uholanzi, alikuwa akizungusha damu ya wagonjwa ndani ya mirija ya selofani. Mwaka 1943 mashine yake ilianza kutoa urea kwenye damu ya watu ambao figo zao zimeshindwa kazi.

Upande upi?

Kuchuja chumvi kulihitaji hatua nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walikuwa wakisukuma maji ya chumvi kwa shinikizo kubwa dhidi ya tando za selulosi asetati. Chumvi ilizuilika, lakini maji yalidondoka tone kwa tone. Wakajaribu kupasha moto utando wa kununua dukani. Siku moja ulifanya kazi vizuri, siku nyingine haukufaa kitu, na kumbe tofauti ilikuwa ni upande upi uliotazama maji ya chumvi. Utando ule ulikuwa na pande mbili zisizofanana. Kutokana na fundisho hilo walitengeneza wa kwao, wenye ngozi nyembamba mno juu na sifongo nene chini. Ngozi ndiyo inayochuja, sifongo huishikilia tu. Maji yakapita kwa kasi mara nyingi zaidi.

Mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, California, ambao hapo awali uliletewa maji ya kunywa kwa reli kwa sababu ya visima vyake vya chumvi, ulianza kupata maji yaliyochujwa kwa tando hizo. Kisha John Cadotte wa Minneapolis akaja na njia ya kuutengeneza ule utabaka wa juu papo hapo kwa kukutanisha vimiminika viwili visivyochanganyika. Panapokutana, hujitengeneza ngozi ya poliamidi nyembamba sana. Hataza yake ilitolewa mwaka 1981, na hadi leo tando nyingi za kuchujia chumvi duniani ni za ukoo huo. Udhaifu wake unajulikana pia: klorini huila poliamidi, hivyo ni lazima klorini iondolewe kabla maji hayajaufikia utando.

Mto Oise

Wazo la kutumia tando hizo dhidi ya kemikali za kaboni lilisukumwa na mambo mawili. Mwaka 1974 Johannes Rook, mkemia wa mamlaka ya maji ya Rotterdam, alionyesha kwamba klorini ikikutana na mabaki ya majani na mboji yaliyoyeyuka majini huzaa klorofomu na jamaa zake. Dawa ya kuua viini, ikitiwa katika maji machafu, inazalisha uchafu mwingine. Kisha mwaka 1980 Jumuiya ya Ulaya iliamuru kwamba dawa yoyote ya shambani isizidi mikrogramu 0.1 kwa lita katika maji ya kunywa.

Kaskazini mwa Paris, mto Oise hupita katikati ya mashamba ya nafaka, na atrazini, dawa ya kuua magugu ya mahindi, ilikuwa ikiingia mtoni. Mamlaka ya maji ya eneo la Paris ilifanya majaribio katika kiwanda kidogo cha Auvers-sur-Oise tangu mwaka 1993, na mwaka 1999 ikafungua kiwanda kikubwa cha Méry-sur-Oise. Humo maji hutulizwa, hupitishwa kwenye mchanga, kisha kwenye vichujio vidogo, na hatimaye hufika kwenye tando za nano, yaani tando zenye matundu madogo mno. Kiwanda kilijengwa kuzalisha mita za ujazo 140,000 kwa siku kwa watu wapatao 800,000. Hicho ndicho kielelezo kikuu cha utando wa polima kutumika kwa kiwango cha mji kuondoa sumu za kaboni katika maji ya kunywa.

Inavyofanya kazi si siri. Molekuli ya maji ina uzito wa 18, ya atrazini 216, ya DDT 354. Utando wa nano huanza kuzuia kwa uhakika kwenye uzito wa 200 hadi 300 hivi, kwa hiyo DDT inakwama na atrazini, iliyo mpakani, huzuilika kwa sehemu kubwa. Mambo mengine huingia pia, kama umbo la molekuli, chaji yake na mapenzi yake kwa plastiki. Kemikali inayopenda plastiki huganda kwanza kwenye utando, mpimaji akadhani imeondolewa, na baada ya siku kadhaa ikaanza kupenya upande wa pili. Ndiyo maana jaribio la saa mbili halithibitishi chochote.

Tena kuna molekuli ndogo zinazopita. Mwaka 2000, kaunti ya Orange huko California iligundua kwamba NDMA, kemikali yenye uzito wa 74 inayohusishwa na saratani, imepenya tando zao zilizokuwa zikisafisha majitaka. Walilazimika kuongeza mionzi ya urujuanimno na hidrojeni peroksidi.

Wafaransa walijifunza jambo jingine. Baada ya fedha zote hizo, nchi yao iliipiga marufuku atrazini yenyewe mwaka 2003. Kuchuja kulinunua muda, na marufuku ndiyo iliyolenga chanzo.

Tando zafika Afrika Mashariki

Mwaka 2011 utando wa polima uliingia katika nyumba za Kenya kwa wingi usiowahi kuonekana. Kampuni ya Vestergaard Frandsen iligawa vichujio vya LifeStraw kwa karibu nyumba 900,000 magharibi mwa nchi katika wiki chache, na gharama ikatarajiwa kurudi kwa mauzo ya hewa ya kaboni, kwa hoja kwamba familia hazingechoma kuni kuchemshia maji. Ndani ya kichujio kulikuwa na mirija membamba yenye matundu ya nanomita 20. Bakteria hawapiti hapo, na virusi vingi hunaswa. Lakini molekuli ya dawa ya shambani ina upana wa nanomita moja hivi, na mbele ya tundu la 20 hupita bila kizuizi. Kifaa kilifanya kazi kilichoundwa kufanya. Kosa ni kukidhania kinafanya na kazi nyingine.

Arusha walichagua njia tofauti. Askwar Hilonga, mhandisi aliyezaliwa Karatu na kusomea Korea Kusini, aliunganisha mchanga na chembe za nano, akawa anarekebisha kichujio kulingana na uchafu wa mahali husika. Mwaka 2015 Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kilimpa tuzo yake ya kwanza ya ubunifu wa uhandisi barani Afrika. Sehemu yenye thamani katika kazi yake ni ule utaratibu wa kupima kwanza, kisha kuchagua kichujio.

Meru nayo ina tando. Katika vitengo vya kusafisha damu, ambavyo serikali ilivisambaza katika hospitali za kaunti kwa mpango wa kukodi vifaa ulioanza mwaka 2015, kikao kimoja cha mgonjwa hutumia lita 120 za maji au zaidi, na maji hayo hupitishwa kwenye utando kabla ya kukaribia damu. Mjini pia kuna maduka ya kujaza maji. Ukiingia humo utaona silinda mbili tatu za vichujio ukutani, mtungi wa mkaa maalumu, pampu inayonguruma, na bomba jeupe lenye utando uliokunjwa ndani yake. Mpira mwembamba unatiririsha nje maji yaliyokataliwa, mara nyingi mengi kuliko yanayouzwa. Mwenye duka huchovya kalamu ya TDS ndani ya glasi, inaonyesha 15, mteja anaridhika na kulipa.

Kalamu ile hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, yaani chumvi zilizoyeyuka. Dawa nyingi za shambani hazipitishi umeme. Glasi inaweza kuonyesha 15 ikiwa na dieldrin au ikiwa haina, na namba isibadilike. Kuijua dieldrin kunahitaji mashine za maabara na mkemia wa kuziendesha. Kenya ina wakemia hao. Shem Wandiga wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake wametumia miongo mingi kufuatilia mabaki ya viuatilifu vya aina ya DDT katika mazingira ya nchi hii. Watafiti wengine walipochunguza mto Nairobi, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2012, walikuta dawa za kupunguza makali ya UKIMWI na antibiotiki.

La kufanya Tigania

Ukiifuata historia hii tangu Nollet hadi Oise, utaona kwamba utando ulifaulu pale ambapo watu walijua wanazuia nini. Coalinga walijua ni chumvi, Kolff alijua ni urea, na Paris walikuwa na namba za atrazini mkononi kabla ya kununua tando. Aliyenunua bila kupima alipata maji yanayong'aa, akabaki hajui amekunywa nini.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwa Muthara ni kipimo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko Nchiru, Tigania Magharibi, jirani kabisa. Kaunti na chuo hicho vikubaliane kuchukua sampuli za mito na chemchemi mara mbili kwa mwaka, mvua zinapoanza na kiangazi kinapokolea, na matokeo yabandikwe kwa chifu na kwenye vituo vya afya. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama, na haki hiyo haidaiki bila namba.

Jambo la pili ni kuzuia sumu isiingie. Wakulima waache ukanda wa nyasi na miti kati ya shamba na mto, wasioshe pampu za dawa mtoni, wasitumie makopo yake kutekea maji, na wasinyunyizie mvua ikinukia. Vyama vya watumiaji maji, vilivyopewa nafasi na Sheria ya Maji ya mwaka 2002, vina uwezo wa kusimamia hayo. Viwanda vya kahawa vichimbe mashimo ya kutulizia maji yake. Na msitu wa Nyambene ulindwe kwa ukali uleule tunaolinda nao mashamba yetu, kwa sababu hakuna utando wa kununua utakaofanya kazi yake kwa bei yake.

Jambo la tatu, na lije la tatu, ni utando wenyewe. Vipimo vikionyesha kisima au chemchemi fulani ina kemikali iliyozidi kiwango, na hakuna maji mengine ya kuvuta, basi utando wa nano pamoja na mkaa maalumu vitastahili gharama yake. Mnunuzi amuulize muuzaji mambo manne: unazuia kemikali ipi, kwa kiasi gani baada ya mwezi mzima wa matumizi, maji yaliyokataliwa yatamwagwa wapi, na nani atalipia utando mpya huu ukichoka? Asiye na majibu ya maswali hayo asipewe zabuni.